Korongo kavu nalo ni mto? Tathmini ya mazingira na makorongo ya Uwanda wa Makonde

Ukisafiri kutoka Tandahimba kwenda Newala mwezi wa Septemba, hutakutana na mto wenye maji juu ya uwanda. Utaona mikorosho, mihogo, nyumba za bati na hapa na pale ufa mpana wa ardhi wenye mchanga mweupe chini yake. Mbuzi wanalala humo. Watoto wanapita humo kwenda shule. Mgeni akiuliza pale ni wapi, atajibiwa kwa neno moja tu: korongoni.

Njoo tena kwenye ufa huohuo siku ya mvua kubwa ya Januari au Machi. Kwa saa mbili au tatu maji mekundu yanashuka kwa kishindo, yanabeba magogo, takataka na udongo wa shamba la mtu. Kesho yake mchana, mchanga umeshaanza kukauka.

Je, huo ni mto? Swali linaonekana la kitoto, lakini jibu lake linaamua mambo makubwa: kalavati la barabara litakuwa na ukubwa gani, shule itajengwa wapi, shimo la kifusi litachimbwa upande gani, na nani atalipa nyumba ikianguka. Katika makala haya tunaeleza jinsi tathmini ya mazingira inavyopaswa kuliangalia korongo kavu, mahali inapokosea, na wewe msikilizaji unachoweza kufanya kabla mradi haujapewa cheti.

Maji yetu yanapita wapi

Uwanda wa Makonde umeinuka upande wa magharibi. Newala iko karibu na ukingo, na ukisimama pale unaliona bonde la Mto Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Kuelekea mashariki ardhi inashuka taratibu hadi pwani. Upande wa kaskazini kuna bonde la Mto Lukuledi, ambao unaelekea Lindi.

Mikoa ya kusini ina msimu mmoja wa mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, huutaja kuwa ni Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo mvua ya mwaka mzima inashuka ndani ya miezi michache, na sehemu kubwa yake hushuka kwa vishindo vichache tu.

Udongo wa juu ya uwanda, kwa sehemu kubwa, ni wa kichanga na una kina kirefu. Mvua ya kawaida inazama. Ndiyo maana hakuna mito juu, na ndiyo maana kwa vizazi vingi kina mama wa Kimakonde walishuka mabondeni kutafuta maji na kupanda nayo kichwani. Hadi leo kaya nyingi zina visima vya saruji vya kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye bati.

Lakini maji yaliyozama hayajapotea. Yanatembea chini kwa chini na kutokea chini ya uwanda. Chanzo cha Mitema, katika bonde la Kitangari, ndicho kinachotegemewa na mradi wa maji wa Makonde unaohudumia Newala na Tandahimba. Mradi huo ulianza miaka ya 1950 wakati wa Waingereza, ukafanyiwa kazi kwa msaada wa Finland kuanzia miaka ya 1970, na hivi karibuni uliingizwa katika mradi wa maji wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo kutoka India. Upande wa pili, chanzo cha Mbwinji kinapeleka maji Masasi na Nachingwea.

Kwa ufupi, mvua inayoanguka kwenye shamba lako ina njia mbili. Ikizama, inalisha Mitema na Mbwinji. Isipozama, inakimbilia korongoni. Kila kinachoifanya ardhi iwe ngumu, kama vile lami, kiwanja kilichoshindiliwa, paa la bati au shamba lililofyekwa likabaki wazi, kinahamisha maji kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili. Korongo linapanuka na chemchemi inapungua.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 81, inamtaka mwenye mradi wa aina zilizotajwa kufanya Tathmini ya Athari kwa Mazingira, TAM, kabla ya kuanza kazi. Kanuni zake ni za mwaka 2005, na zilifanyiwa marekebisho mwaka 2018. Marekebisho hayo yaliigawa miradi kwa makundi: ipo inayolazimika kufanyiwa tathmini kamili, ipo ya katikati ambayo huamuliwa baada ya kuangaliwa, na ipo midogo ambayo haihitaji tathmini kamili.

Mwenye mradi anasajili andiko lake kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Mtaalamu aliyesajiliwa anatembelea eneo, anaandaa hadidu za rejea, anakusanya maoni ya wananchi na kuandika taarifa. NEMC inaipitia pamoja na wataalamu wa sekta nyingine, na mwisho cheti kinatolewa kikiwa na masharti.

Kifungu cha 57 cha sheria hiyohiyo ndicho wengi wanakijua kwa jina la "mita sitini". Kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka mwambao wa bahari au ziwa, kingo za mto, au bwawa la maji.

Hapo ndipo tatizo la uwanda wetu linapoanzia. Kifungu hicho kinataja kingo za mto. Mtu akisimama kwenye korongo kavu mwezi wa Agosti atasema hapa hakuna mto, na kwa hiyo hakuna ukingo, na kwa hiyo hakuna mita 60. Mwingine atasema maji yanapita, kwa hiyo ni mto. Wote wawili wanaweza kubishana hadi jioni, na wakati huo mchimbaji wa kifusi ameshapakia malori yake.

Mahali tathmini inapokosea

Kosa la kwanza ni la kalenda. Wataalamu wengi hupenda kuja kiangazi, kwa sababu barabara zinapitika. Wanaona mchanga mkavu, wanaandika "hakuna chanzo cha maji katika eneo la mradi", na wanaondoka. Kilichoandikwa ni kweli kwa siku ile, lakini mradi utakaa pale miaka 30.

Kosa la pili ni la mpaka. Mtaalamu anapima kiwanja cha mradi peke yake. Lakini maji ya korongo hayaanzii kwenye kiwanja. Yanatoka kwenye eneo lote la juu linalomimina maji pale, ambalo watu wa bodi za maji huliita kidakio. Korongo lenye upana wa hatua tano linaweza kuwa na kidakio cha mamia ya ekari katika vijiji viwili. Usipokijua kidakio, hujui korongo.

Kosa la tatu ni la ramani. Ramani za zamani hazionyeshi makorongo madogo, na mengine yamezaliwa baada ya ramani kuchorwa. Leo picha za satelaiti zinasaidia sana, lakini chini ya mikorosho mikubwa hata satelaiti haioni kila kitu.

Kosa la nne ndilo gumu kuliko yote: ni la miradi midogo mingi. Zahanati moja, stendi moja, ghala moja na njia moja ya trekta, kila kimoja kwa peke yake ni kidogo na kinapita bila tathmini kamili. Vikiwa vyote kwenye kidakio kimoja, vinatoa maji kama ya mradi mkubwa. Hakuna aliyevunja sheria, na bado korongo limefika mlangoni kwa mtu.

Ndoo elfu kumi kwa ekari

Tufanye hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuirudia kwenye simu yake. Mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye mita 1 ya mraba inatoa lita 1 ya maji. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Mvua ya milimita 50, ambayo ni mvua kubwa lakini si ya ajabu kwetu, inamwaga lita 200,000 kwenye ekari moja. Hizo ni ndoo 10,000 za lita 20.

Sasa chukua kidakio cha ekari 250. Kama kimefunikwa na miti na majani, na sehemu moja tu kati ya kumi ya mvua inatiririka, korongo litapokea lita milioni 5. Ni kama maboza 500 ya lita 10,000. Kama ardhi imefyekwa na kushindiliwa, na sehemu tatu kati ya kumi zinatiririka, ni maboza 1,500. Mvua ni ileile na korongo ni lilelile, lakini maji yamekuwa mara tatu.

Maji hayo yakipita ndani ya saa moja, ni kama lita 4,000 kila sekunde. Kalavati la bomba moja lenye kipenyo cha sentimita 60 haliwezi kupitisha hata robo yake. Yanayobaki yatapanda juu ya barabara au yatatafuta njia nyingine, na njia hiyo nyingine mara nyingi ni uwanja wa nyumba ya mtu.

Hiyo ni hesabu ya mfano. Mtaalamu atatumia vipimo vya udongo, mteremko na kumbukumbu za mvua. Lakini ukiwa mkutanoni na taarifa ya mradi haina hesabu ya namna hii hata kidogo, una haki ya kuuliza imeachwa kwa nini.

Korongo linasomwa hata likiwa kavu

Habari njema ni kwamba korongo huacha alama. Mtaalamu mzuri anaweza kuja Septemba na bado akajua Machi kunatokea nini.

Anaangalia takataka zilizonasa kwenye vichaka na mizizi: majani, mabua, mifuko. Urefu wake unaonyesha maji yalifika wapi. Anaangalia mahali ambapo majani ya kawaida yanaanza kuota, kwa sababu chini ya mstari huo maji hupita mara kwa mara. Anaangalia mchanga: ukiwa umepangwa kwa tabaka, maji yalipungua polepole, yakiwepo mawe makubwa, yalipita kwa nguvu. Anaangalia mizizi ya mikorosho iliyobaki wazi, kwa maana hapo ukingo unaliwa. Anatembea hadi kichwa cha korongo, yaani pale linapoanzia, kwa sababu korongo hukua kwa kurudi juu, si kwa kwenda chini.

Kisha anauliza. Mzee aliyelima karibu na korongo kwa miaka 40 anajua mwaka gani maji yalifika kwenye mwembe. Ushahidi huo ni kipimo, na unapaswa kuandikwa kwenye taarifa pamoja na mahali na urefu, usiishie kwenye sentensi moja ya "wananchi walishirikishwa".

Barabara tunayoitaka

Mfano ulio karibu nasi ni barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, kilomita 210. Kipande cha Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, kilitangulia kupata lami. Kipande cha Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilomita 160 pamoja na daraja la Mwiti, kiligharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Hakuna mtu wa kusini asiyeitaka barabara hii. Korosho zimekwama kwenye mchanga na tope miaka mingi, na wajawazito wamesafiri kwa shida. Lakini lami hainywi maji. Kila kilomita ya lami yenye upana wa mita 7 ni mita za mraba 7,000 ambazo mvua yake yote inaingia kwenye mitaro. Mtaro lazima uishie mahali. Ukiishia juu ya mteremko wenye udongo laini, bila ngazi za mawe wala sakafu ya zege ya kupunguza kasi, umeanzisha korongo jipya.

Mashimo ya kifusi nayo ni hivyo. Yakichimbwa kwenye kichwa cha korongo na kuachwa bila kufukiwa, yanaliongezea maji na udongo. Masharti ya cheti kwa kawaida hutaja kurejesha maeneo hayo. Wakati wa kuyafuatilia ni kabla mkandarasi hajaondoa mitambo. Baada ya hapo utakuwa unamtafuta mtu aliyeko mkoa mwingine.

Waliolipa gharama

Tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa kwenye Mlima Hanang ilishusha tope, mawe na magogo hadi mji wa Katesh, mkoani Manyara. Zaidi ya watu 80 walikufa. Njia za maji zilizoonekana kama mabonde ya kawaida ndizo zilizoleta tope hilo mjini.

Miezi mitano baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yalifagia makazi karibu na Mai Mahiu, nchini Kenya, na kuua makumi ya watu. Mwanzoni ilisemwa bwawa limepasuka. Baadaye mamlaka zilieleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani, kwa sababu njia ya maji chini yake iliziba kwa takataka na magogo. Kwa hiyo kilichoua pale ni kalavati lililoziba kwenye korongo.

Kwetu, kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara ya kwenda Dar es Salaam katika maeneo kadhaa ya mkoa wa Lindi, na kusini ikabaki bila njia hiyo kwa siku kadhaa. Sehemu nyingi za namna hiyo huharibika palepale maji yanapovuka barabara.

Wengine wameamuaje

Hatuko peke yetu katika swali hili. Marekani, katika majimbo ya jangwa kama Arizona, njia nyingi za maji hukaa kavu sehemu kubwa ya mwaka. Kwa miaka mingi walibishana kama zinalindwa na sheria yao ya maji safi ya mwaka 1972. Mei 2023 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya Sackett, iliamua kwamba sheria hiyo inahusu maji yanayodumu au yanayotiririka kwa muda mrefu. Makorongo yanayotiririka baada ya mvua tu yakabaki nje ya ulinzi wa serikali kuu, na kila jimbo likaachiwa liamue lenyewe.

Afrika Kusini ilichagua njia nyingine. Sheria yake ya maji ya mwaka 1998 inahesabu kuwa njia ya maji mkondo wowote wa asili ambao maji hupita mara kwa mara au kwa vipindi. Kenya nayo, katika kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, inapima ulinzi wa ukingo kuanzia kiwango cha juu cha mafuriko yaliyowahi kurekodiwa, kati ya mita 6 na mita 30.

Kwetu, njia ya Afrika Kusini inafaa zaidi. Eneo lenye msimu mmoja wa mvua haliwezi kulinda maji yanayoonekana mwaka mzima peke yake, kwa maana hayo ni machache mno.

Je, kila korongo lipewe mita 60?

Hapana. Hapa tuwe wakweli. Juu ya uwanda makorongo ni mengi na mashamba yamebanana nayo. Ukichora mita 60 kila upande wa kila ufa, utawafanya maelfu ya wakulima wa korosho kuwa wavunja sheria kwenye ardhi ya babu zao, na hakuna zahanati itakayopata kiwanja. Sheria ya namna hiyo haitatekelezeka, au itatekelezwa kwa mnyonge peke yake.

Kinachohitajika ni kupima, kisha kuamua. Korongo kubwa lenye kidakio kipana, au lililo karibu na chanzo kama Mitema na Mbwinji, lilindwe kama mto, na mita 60 ziheshimiwe. Korongo la kati lipewe ukanda wa miti na majani kulingana na alama za maji, na ujenzi wa kudumu usogee nje ya alama hizo. Mfereji mdogo unaweza kuvukwa au hata kuelekezwa, mradi hesabu ya maji imefanywa na mahali yanapoishia pamejengwa vizuri.

Kazi ya kuyapanga makorongo hivyo haipaswi kurudiwa na kila mradi. Halmashauri zikishirikiana na Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao yake Mtwara, zinaweza kuchora vidakio vya uwanda mara moja. Kila anayekuja na mradi ataikuta ramani mezani. Hilo lingeziba pia lile pengo la miradi midogo mingi.

Wewe ufanye nini

Kanuni zinamtaka mwenye mradi awatangazie wananchi na kupokea maoni yao, na taarifa iwe na muhtasari wa lugha nyepesi kwa Kiswahili. Mkutano ukiitwa kijijini kwako, nenda. Usiende kuuliza fidia na ajira peke yake. Uliza na haya:

- Mtaalamu alikuja mwezi gani, na je, aliona eneo wakati wa mvua?
- Maji ya juu yanayoingia kwenye eneo la mradi yanatoka wapi, na ni ekari ngapi?
- Maji ya paa, kiwanja na mitaro yataishia wapi, na ni kwa nani?
- Kalavati litapitisha kiasi gani, na nani atalisafisha kila mwaka kabla ya Novemba?
- Mashimo ya kifusi na mchanga yatafukiwa lini, na kwa fedha iliyotengwa wapi?

Hakikisha maswali na majibu yanaandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Neno lisiloandikwa halifiki NEMC.

Simu yako nayo ni kifaa cha upimaji. Maji yakipita, yapige picha ukiwa mahali salama, ukionyesha kitu kinachojulikana ukubwa wake, kama mti au nguzo ya umeme. Andika tarehe na saa. Rudi kiangazi upige mahali palepale. Picha mbili za namna hiyo zina nguvu kuliko hotuba. Usiingie kamwe kwenye maji yanayotiririka ili upate picha.

Mradi ukishaanza na masharti hayafuatwi, anza na afisa mtendaji wa kijiji na kamati ya mazingira, kisha afisa mazingira wa halmashauri. Ofisi ya kanda ya NEMC na bodi ya maji ya bonde zote zipo Mtwara. Na kijiji chenyewe kinaweza kutunga sheria ndogo ya kuzuia kulima kwenye kichwa cha korongo, kuchimba mchanga kiholela na kutupa makopo ya dawa ya mikorosho humo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu ufa wenyewe ni korongo, na ukuta wake hujengwa kwa mabilioni. Wakati wa kulitazama ni sasa likiwa kavu, kabla ya mvua za Novemba.